Je, Kuziba Uvungu wa Nyumba Kutatuongezea Bei Tukiuza?

"Mhandisi, shikamoo. Mimi na mume wangu tunaishi Isamilo, Mwanza, katika nyumba tuliyoijenga mlimani mwaka 2009. Kwa sababu ya mteremko, nusu ya mbele imeinuliwa juu ya nguzo, na chini yake kuna uvungu ambao mtu mzima anaweza kuingia akiwa ameinama. Nusu ya nyuma imekaa juu ya jamvi, yaani sakafu ya zege iliyomwagwa moja kwa moja ardhini. Katika vyumba viwili vya nyuma ukuta unabanduka rangi hadi usawa wa goti na kutoa unga mweupe, na mvua zikianza harufu ya uvundo hutanda hadi sebuleni. Tunahamia Dodoma na tunatarajia kuiuza kwa shilingi milioni 140. Kaka yangu anayeishi North Carolina, Marekani, anasema kwamba huko watu hutandika nailoni uvunguni, huziba matundu yote ya hewa, na nyumba hupanda thamani. Fundi amekadiria kazi hiyo kwa milioni 7. Dalali anasema tusipoteze fedha, tupake rangi ya mafuta na kuuza haraka. Je, hizo milioni 7 zitarudi?"

Marahaba, dada yangu. Unachouliza ni kama fedha zitarudi, lakini jibu linategemea jambo ambalo fundi wako hakulishughulikia, yaani maji yanayoharibu vyumba vyako yanatoka wapi. Kwa maelezo uliyonipa, naamini kwamba milioni 7 zikitumika kuziba uvungu hazitarudi, kwa sababu zitatumika mahali ambapo tatizo halipo. Hata hivyo sikubaliani na ushauri wa dalali, nao unaweza kuwagharimu zaidi ya hizo milioni 7. Ipo njia ya tatu, na nitaieleza kwa kirefu kwa sababu nyumba nyingi za milimani Mwanza, kuanzia Isamilo na Bugando hadi Bwiru na Nyasaka, zina hali inayofanana na ya kwenu.

Kaka yako hajakosea kuhusu nyumba za huko aliko. Nyumba nyingi za kusini mashariki mwa Marekani zina sakafu ya mbao iliyolala juu ya boriti za mbao, na chini yake kuna uvungu wenye udongo mtupu. Wakati wa kiangazi chao hewa ya nje huwa na joto na mvuke mwingi. Ikiingia kwenye uvungu uliopoa, hasa pale ambapo ndani ya nyumba kuna kiyoyozi, mvuke hugeuka kuwa umande juu ya boriti, mbao hulowa, kuvu huota, na mbao zikikaa muda mrefu zikiwa zimelowa sana huoza. Tena hewa ya uvunguni hupenya kwenye nyufa za sakafu na kupanda vyumbani. Ndiyo maana huko kuziba matundu na kutandika nailoni kuna faida inayoonekana. Katika nyumba 12 zilizochunguzwa mjini Princeville, North Carolina, zile zilizozibwa uvungu zilitumia nishati pungufu kwa takriban asilimia 15 au zaidi katika kupasha joto na kupoza. Mnunuzi wa huko huja na mkaguzi anayeingia uvunguni na tochi, na huiona faida hiyo kwenye ankara ya umeme ya kila mwezi.

Sasa tazama nyumba yako. Sakafu yake ya mbele ni zege lenye nondo, ambalo halioti kuvu wala kuoza kwa unyevu wa kawaida. Hupashi nyumba joto, na kwa hali ya hewa ya Mwanza pengine huna hata kiyoyozi, kwa hiyo hakuna ankara itakayopungua. Hali ya hewa yenyewe pia ni tofauti. Udongo wa uvunguni hukaa karibu na wastani wa joto la mwaka mzima, ambao kwa Mwanza ni takriban nyuzi 23, na hewa yetu, hata ile inayovuma kutoka ziwani, ni nadra kubeba mvuke wa kutosha kutoa umande juu ya kitu chenye joto hilo. Hii ina maana kwamba matundu ya hewa ya uvungu wako kwa siku nyingi za mwaka yanaukausha. Ukiyaziba bila kuondoa chanzo cha maji, utaufungia ndani unyevu ambao leo unapata njia ya kutoka.

Kuna jambo jingine katika maelezo yako ambalo lina uzito zaidi kuliko yote, nalo ni kwamba vyumba vinavyobanduka rangi ni vya nyuma, wakati uvungu uko mbele. Vyumba hivyo viko upande wa mlima, juu ya jamvi lililolala ardhini, na kwa uzoefu wangu upande huo mara nyingi udongo huwa umeegemea ukuta hadi usawa wa sakafu au zaidi, kwa kuwa wakati wa kujenga mlima hukatwa na nafasi inayobaki hujazwa kifusi. Milima ya Mwanza ni miamba ya itale yenye udongo mwembamba juu yake. Mvua ikinyesha, maji hayawezi kuzama ndani ya jabali, hivyo hutelemka juu ya mwamba chini ya udongo, mahali ambapo macho hayayaoni, mpaka yakutane na kizuizi. Kizuizi cha kwanza katika kiwanja chako ni msingi wa vyumba hivyo viwili.

Maji yakishafika kwenye msingi hupanda ukutani, kwa maana tofali la saruji, udongo wa muunganiko (ule wa saruji na mchanga unaoshikanisha matofali) na lipu vyote vina vinyweleo vyembamba ambavyo huyavuta maji kwenda juu kama utambi wa koroboi unavyovuta mafuta ya taa. Kwa kawaida hayapandi bila kikomo. Mara nyingi huishia chini ya mita moja na nusu, mahali ambapo kiasi kinachopanda kinalingana na kinachokauka kwenye uso wa ukuta. Safarini maji hayo hubeba chumvi kutoka kwenye udongo na kwenye saruji yenyewe. Maji yakikauka, chumvi hubaki, huganda kuwa chembe ngumu nyuma ya rangi na ndani ya lipu, na chembe hizo zikikua huisukuma rangi mpaka ibanduke. Unga mweupe unaouona, ambao watu wengi huuita fangasi na kuupulizia dawa, ni chumvi hiyo. Ukitaka kuhakikisha, chukua kidogo ukitie ndani ya maji safi: chumvi itayeyuka. Dawa ya kuua kuvu haitaufanya lolote, ingawa kuvu halisi, yale madoa meusi au ya kijani yenye harufu, nayo yanaweza kuota pale pale kwa sababu ukuta umelowa.

Wengi wa wenzetu huamini kwamba unyevu wa namna hii ni wa ziwa, na kwamba anayeishi Mwanza hana budi kuuvumilia. Kwa nyumba ya Isamilo si kweli, kwa kuwa msingi wenu uko juu sana ya usawa wa maji na hakuna ukuta unaoweza kuvuta maji umbali huo. Kwa aliyejenga tambarare ya ufukweni hali ni nyingine kabisa, kwani ziwa hupanda na kushuka. Mei 2020 lilifikia usawa uliopita rekodi ya 1964, na mwaka 2024 likaipita tena ile ya 2020. Huko maji ya ardhini hupanda pamoja na ziwa, na hakuna nailoni itakayoyazuia. Zaidi ya hayo, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye ukingo wa ziwa, na mnunuzi makini atauliza habari hiyo kabla hajatazama hata ukuta mmoja.

Kabla hujatoa shilingi yoyote, thibitisha chanzo, na uzuri ni kwamba masika ndiyo majira yanayofaa zaidi kwa kazi hii. Mvua kubwa ikinyesha, vaa mabuti uzunguke nyuma ya nyumba utazame maji yanapita wapi, yanatuama wapi, na maji ya paa yanaangukia wapi. Usidharau maji ya paa: kila milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo upande wa paa wenye mita 80 za mraba ukipata mvua ya milimita 40 unamwaga lita 3,200, sawa na madumu 160 ya lita 20, chini ya ukuta uleule unaolalamikia. Kisha bandika kipande cha nailoni chenye upana na urefu wa sentimita 45 hivi juu ya sakafu ya chumba kilichoathirika, uzibe kingo zake zote kwa utepe, ukiache kwa siku moja nzima. Matone yakionekana upande wa chini wa nailoni, unyevu unapenya kutoka kwenye jamvi, pengine kwa sababu nailoni ya chini yake ilitobolewa wakati wa kumwaga zege au haikuwekwa kabisa.

Usiku mmoja funga mabomba yote na usome dira ya maji kabla ya kulala na tena alfajiri. Namba zikiwa zimesogea, kuna bomba linalovuja, na huenda tatizo lako lote ni kiungo kimoja ndani ya ukuta wa bafu. Uliza pia choo na karo la jirani wa juu yako viko wapi. Shimo linalonyonya vibaya juu ya mwamba huachia maji yake kwa walio chini, na maji hayo hubeba chumvi za nitreti ambazo huvuta unyevu kutoka hewani, hata ukuta ukaonekana umelowa wakati wa kiangazi. Ikiwa chanzo ni hicho, hilo ni suala la kiafya pia, na litahitaji mazungumzo ya kiungwana na jirani kabla ya fundi yeyote kuitwa.

Rangi ya mafuta anayoipendekeza dalali itafanya nini? Itaziba vinyweleo vya ukuta, na maji ambayo leo yanakauka usawa wa goti yatatafuta mahali pengine pa kutokea, mara nyingi juu zaidi au upande wa pili wa ukuta. Kwa wiki kadhaa nyumba itapendeza, kisha malengelenge yataanza. Mnunuzi akija katika wiki hizo kadhaa, mtakuwa mmeuza. Lakini Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, huhesabu kuficha kwa makusudi jambo unalolijua kuwa ni udanganyifu, na aliyedanganywa anaweza kuomba mkataba ubatilishwe. Nawasihi msiingie Dodoma na deni la namna hiyo, na msimwachie mtu mwingine na watoto wake vyumba vyenye kuvu mkijua.

Njia ninayoiamini huanza nje. Kwanza maji ya paa yakusanywe kwa gata na bomba, yapelekwe kwenye tangi au yatolewe upande wa chini wa mteremko, mbali na msingi na bila kumharibia jirani. Pili, udongo ulioegemea ukuta wa nyuma uchimbwe hadi ushuke angalau sentimita 15 chini ya usawa wa sakafu ya ndani, na ardhi isawazishwe ili maji yaondoke ukutani, kwa mshuko usiopungua sentimita 15 katika mita tatu za kwanza. Mahali ambapo mlima hauruhusu mshuko huo, na kwenu huenda ndivyo ilivyo, ndipo unapohitajika mfereji wa kukinga: mtaro unaochimbwa sambamba na ukuta kwa upande wa mlima, ukishuka chini ya usawa wa jamvi bila kuchimbua msingi wenyewe, ukiwekwa bomba lenye matundu lililolala kwa mteremko, ukajazwa kokoto safi zisizo na vumbi na kufunikwa kitambaa kinachopitisha maji na kuzuia udongo. Huo ndio utakaoyakamata maji yanayotelemka juu ya mwamba kabla hayajafika kwako. Mkikuta jabali njiani, fundi asilipasue kwa nguvu karibu na msingi, kwa kuwa mfereji unaweza kupindishwa.

Baada ya hapo ndipo mnageukia ndani, nako kunahitaji subira. Lipu iliyooza kwa chumvi ibanduliwe hadi nusu mita juu ya mstari wa unyevu, ukuta upigwe brashi kavu, na vumbi lake litolewe nje ya kiwanja badala ya kuoshewa hapo hapo. Kisha ukuta uachwe wazi upumue. Katika nchi za baridi wajenzi hukadiria mwezi mmoja wa kukauka kwa kila milimita 25 za unene wa ukuta. Kwa tofali la inchi sita hiyo ni miezi sita, na ingawa kiangazi chetu cha Juni hadi Septemba hukausha haraka kuliko huko, sishauri kupiga lipu mpya kabla ya miezi mitatu. Lipu yenye chokaa ni bora kuliko ya saruji tupu kwa sababu huruhusu ukuta kuendelea kupumua, na rangi ya juu iwe ya maji.

Utasikia pia habari za dawa ya kuzuia unyevu inayodungwa ukutani kupitia matundu yaliyotobolewa kwa drili karibu na sakafu. Dawa hiyo hufanya kazi vizuri kwenye ukuta wa tofali wenye muunganiko ulionyooka, mahali ambapo maji yanapanda kutoka chini tu. Haifai kwenye ukuta unaoegemewa na udongo, na kwenye msingi wa mawe yasiyopangika matokeo yake hayatabiriki, kwa hiyo kwenu ningeiacha mpaka mfereji uwe umeshindwa.

Uvungu nao nisiusahau, kwa sababu harufu inayofika sebuleni inaweza kuwa inatokea huko. Ingia na tochi. Mara nyingi utakuta mbao za boksi zilizoachwa tangu siku ya kumwaga zege, mifuko ya saruji, na vipande vya miti, vyote vikioza na kulisha mchwa ambao kesho watapanda kwenye fremu za milango na kenchi za paa. Ondoeni kila kipande, fungueni matundu ya hewa yaliyoziba, wekeni wavu wa kuzuia panya, na mkitaka, tandikeni nailoni nzito ya geji 1000 (geji ni kipimo cha unene wake) juu ya udongo bila kufunga kuta. Kazi hiyo ni ya siku chache na hufanya sehemu kubwa ya kile ambacho milioni 7 zingefanya, tena humwachia mnunuzi na mkaguzi wake nafasi ya kuingia na kuona kila kitu, pamoja na njia za mchwa.

Sasa turudi kwenye fedha. Katika soko letu sijaona mnunuzi anayeongeza bei kwa sababu uvungu umezibwa. Anachotazama kwanza ni hati, kisha barabara, maji, ukubwa wa kiwanja, na mandhari ya ziwa kama ipo. Anayenunua kwa mkopo atatumiwa mthamini aliyesajiliwa, naye atapima ukubwa, mahali na hali ya jengo, na unyevu unaoonekana humfanya aongeze kiwango cha uchakavu. Kwa hiyo matengenezo haya yasitazamwe kama njia ya kupandisha milioni 140 ziwe 150. Kazi yake ni kuzuia mnunuzi asiseme 120 baada ya kugusa ukuta, kwa kuwa asiyejua chanzo cha unyevu hukadiria gharama kubwa kuliko ilivyo, akihofia kwamba msingi mzima umeoza. Hofu hiyo ndiyo mnayoilipia, na mfereji, gata na lipu ya vyumba viwili, kama mtapata makisio ya mafundi wawili au watatu, haviwezi kulinganishwa na punguzo la namna hiyo.

Zipo hali ambazo ningeshauri msitengeneze chochote. Kama hamna hati bado, fedha za kwanza ziende kwenye upimaji na umilikishaji, kwa sababu hakuna ukuta mkavu unaofidia karatasi iliyokosekana. Kama wanaokuja wanakitaka kiwanja ili wabomoe na kujenga upya, waambieni ukweli kuhusu unyevu na mjadiliane bei ya ardhi. Na kama mnalazimika kuondoka kabla ya kiangazi kwisha, fanyeni kazi ya nje peke yake, acheni ukuta ukiwa umebanduliwa lipu, na mweleze kila mnunuzi kwa nini uko hivyo. Mnunuzi mwerevu humwamini zaidi muuzaji anayemwonyesha picha za mtaro ulivyochimbwa kuliko yule mwenye kuta zinazong'aa. Picha hizo zipigwe kabla kokoto hazijafukiwa, na risiti zote za EFD (zile za mashine ya kodi) zitunzwe, kwani gharama za kuboresha nyumba huhesabiwa katika gharama yake wakati wa kukokotoa kodi ya ongezeko la mtaji, ambayo kwa mkazi ni asilimia 10 ya faida.

Yako mambo ambayo siwezi kuyaamua kutoka mbali, wala fundi asiyaamue peke yake. Ukiona uvunguni nondo zilizochomoza zikiwa na kutu chini ya zege la sakafu, au nguzo yenye ufa unaoifuata nondo kwa urefu, au ukuta wenye ufa wa mshazari unaoingiza ncha ya kidole, au ukuta wa mawe unaozuia mlima ukiwa umeinama mbele na hauna matundu ya kutolea maji, muite mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi aje aone kwa macho yake kabla mtaro wowote haujachimbwa. Kuchimba chini ya ukuta uliokwisha kuinama, hasa mvua zikiwa bado zinanyesha, kunaweza kuuangusha juu ya wanaochimba. Mkiwa na hali hiyo, hamisheni vitanda kutoka vyumba vya nyuma usiku huu huu, na mhandisi aitwe wiki hii bila kusubiri kiangazi.